Mjane Asiyepiga Magoti

Masese, Jinja
4 Machi 1996

Kwa Adero, Mama Norah,

Salaam. Barua hii nimeifunga katika nailoni na kuitia ndani ya gunia la mukene linalokuja soko la Mbale kila Jumatano. Ikinuka dagaa, vumilia. Umewahi kulala nyumbani kwangu, harufu hiyo si ngeni kwako.

Nina jambo na sitalizungusha. Siwezi kupiga magoti.

Kushuka nashuka, tena haraka kuliko nilivyokusudia. Kuinuka ndiko hakuna. Ilianza Oktoba. Kwanza nilishindwa kunyanyua beseni la samaki kulitia kichwani, nikasema ni umri. Halafu ngazi za ghala. Halafu choo, ambako nikichuchumaa inabidi nivute mlango ili nisimame, na mlango wenyewe sasa umelegea bawaba. Kuchana nywele nainamisha kichwa mpaka kwenye goti, mkono haufiki juu.

Siku ya Idd nilikwenda Buwenge kwa wakwe. Unaijua desturi yetu Wasoga, mke wa ukoo anamwamkia mama mkwe kwa magoti. Bibi Jaliah amekaa mkekani, wanawake wanashuka mmoja mmoja mbele yake. Nilijua nikishuka nitabaki pale mpaka nishikwe makwapa na kuinuliwa kama gunia. Nikamwamkia nimesimama, nimeinama kidogo. Shemeji Muhamad akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: "Mwacheni. Mwanamke aliyejenga nyumba ya bati, magoti yake nayo yametiwa saruji." Wakacheka. Mama mkwe hakucheka. Alinitazama, akageuza uso.

Ungesema ningewaeleza. Niwaeleze nini? Mjane wa Sulait akisema mwili umelegea, kila mtu hapo anajua jibu. Bora waseme kiburi.

Agosti ukoo utakaa kumaliza msiba wa marehemu mume wangu na kuamua nyumba ya Masese inabaki na nani. Nyumba nimeijenga mimi kwa mukene, lakini kiwanja kina jina lake. Muhamad ameshaanza kusema kwamba asiyepiga magoti si mke wetu. Nikitolewa mimi, mwanangu Shifa naye anatolewa, na ndiyo kwanza yuko Senia Tuu, mwaka wa pili wa sekondari.

Sasa hospitali. Unajua nilipimwa baada ya Sulait kufa, na unajua jibu. Hapa Jinja nimekwenda kliniki nne na kote nilisema kweli, kwa sababu wanasema mgonjwa asimfiche daktari. Wa kwanza aliposikia nina virusi aliweka kalamu chini. Wa pili alinipa vitamini. Wa tatu alisema, "Mama, hiyo ndiyo silimu, ukimwi wenyewe, nenda nyumbani ule vizuri." Wa nne hakunigusa hata mkono. Nikawaambia silimu inakondesha, na mimi nimejipima kwenye mizani ya mputa, wale sangara, pale gatini, kilo sabini na moja, mwaka jana sabini na moja. Miguu ipo, nguvu haipo. Hakuna aliyeniuliza swali la pili.

Huko kwenu kuna daktari wa maana? Kama yupo, nipeleke kwake. Lakini usimwambie. Hilo ndilo ombi langu. Nataka mtu mmoja anitazame miguu kabla hajatazama hayo mengine.

Wako,
Nulu, Mama Shifa


Nabuyonga, Mbale
13 Machi 1996

Mpendwa Mama Shifa,

Barua yako nimeipata, na wodi nzima imejua nimepata barua. Paka wa jikoni alinifuata mpaka dawa zinapowekwa.

Nimeisoma mara mbili. Hapa kwenye hospitali yetu ndogo ya misheni yuko Dakta Semei, alirudi kutoka masomoni mwaka jana. Anauliza sana, mpaka wagonjwa wanachoka. Nilimwambia nina rafiki Jinja, mwanamke, ana hali hivi na hivi. Alinyanyua kichwa palepale. Alisema nikuulize haya. Ukikamata kitu kwa kiganja, nguvu ipo? Miguu inakufa ganzi? Macho yamevimba au ngozi ya vidole imebadilika rangi? Chakula kinakwama kooni? Misuli inauma ukiibonyeza? Na mkojo, umewahi kuwa mweusi kama chai?

Mimi naongeza langu, ambalo yeye hakuuliza kwa sababu hajui. Umewahi kununua zile dawa za virusi zinazoletwa kutoka Nairobi? Nazo zinaharibu misuli. Niambie kweli, hata kama ulinunua kwa siri.

Kuhusu ombi lako. Nulu, mimi ni muuguzi. Daktari akikosa jambo moja, anaweza kutoa dawa nzuri ikawa mbaya. Nilitaka kukataa. Lakini nakumbuka mwaka wa themanini na sita, wale vijana wenye bunduki waliposimama mlangoni kwako wakitafuta wake wa polisi kutoka kaskazini kama mimi. Uliwaambia mimi ni msichana wako wa kazi na kwamba sina akili timamu. Hukupepesa macho. Hata mimi nilikuamini kidogo.

Basi njoo. Sitamwambia. Akiniuliza mimi moja kwa moja sijui nitasema nini, kwa hiyo omba asiniulize.

Rafiki yako,
Adero


Masese
20 Machi 1996

Mama Norah,

Hiyo ya akili timamu haikuwa uongo mkubwa, ulikuwa umevaa gauni kinyume.

Majibu. Kiganja kina nguvu, jana nimemkaba mchuuzi shati mpaka akalipa kwa adabu. Ganzi hakuna. Macho hayajavimba, ngozi ni ileile. Chakula kinapita, ila nyama ngumu naisindikiza na maji. Mapaja yanauma nikiyabonyeza, maumivu ya mtu aliyelima jana, na mimi sijashika jembe tangu nitoke kwa baba yangu. Mkojo sikuuangalia, choo chetu hakina taa.

Dawa za Nairobi ni za wakubwa. Sijawahi kuona hata karatasi zake.

Huyo daktari wako amenipendeza. Maswali yote hayo na hajaniona. Nakuja Jumatatu na basi la asubuhi. Nisubiri pale chini, nikimbie aibu ya kuvutwa na kondakta mbele ya watu.

Nulu


Masese
9 Aprili 1996

Mama Norah,

Nimefika salama, kidonda ni kikavu, nyuzi zitatolewa na mkunga wa hapa mtaani. Nimeuza minofu maisha yangu yote, sikujua siku moja nitakatwa na mimi kipande, tena bila kupimwa. Nilipomwambia hivyo Dakta Semei alicheka mpaka akasimamisha kisu. Nilimpenda siku ile. Alininyanyua mikono, akanisukuma, akanikalisha kwenye kiti na kuniambia nisimame nimekunja mikono kifuani. Nikashindwa. Akasema, "Jaribu tena, mama, hakuna haraka." Nani aliwahi kuniambia hakuna haraka?

Na nilikuona. Aliponiuliza kama nimewahi kupimwa virusi, nikasema nimepimwa, sina. Ulikuwa umeshika sinia ya vyombo. Vyombo vililia. Akadhani umechoka, akakwambia, "Sista, weka chini." Aliandika nilichosema, akaendelea na mapaja yangu.

Najua umeudhika nami, hukunisindikiza mpaka kwenye basi. Lakini pima mwenyewe. Kliniki nne za kweli zimenipa chupa moja ya vitamini. Uongo mmoja umenipa mtu wa kunipima kutoka shingo mpaka vidole, damu imekwenda Kampala, na nyama imekwenda Kampala.

Nasubiri.

Nulu


Nabuyonga
22 Mei 1996

Mpendwa Nulu,

Sikukusindikiza kwa sababu nilijifungia chumba cha shuka nisije nikamfuata daktari kumwambia. Tuliache hilo.

Majibu yamerudi. Kile kipimo cha damu kinaonyesha misuli inayovunjika na kumwagika ndani ya damu. Kwa mtu mwenye afya namba haipiti mia mbili. Yako ni elfu nne na mia tatu. Na ile nyama ya paja, waliitazama kwa darubini wakakuta askari wa mwili wako wameingia katikati ya nyuzi za misuli na kuzila. Si uchovu, si umri, si kukonda. Ni ugonjwa wenye jina lake, polimayosaitisi, misuli inayowaka moto yenyewe. Dakta Semei alisema kwa furaha, kama mtu aliyeshinda mchezo: "Huu unatibika, Sista."

Dawa ni vidonge vya prednisoloni, kumi na mbili kila asubuhi, baada ya kula. Nimekutumia vya wiki sita ndani ya kikapu. Usiache ghafla hata siku moja. Utapata njaa, uso utavimba, usiogope.

Sasa nisikilize vizuri. Dawa hii inawatuliza wale askari ili waache kukula. Inawatuliza wote, wabaya na wazuri. Mtu mwenye askari wengi anavumilia. Wewe wako walishaanza kupungua kwa ajili ya yale mengine. Kifua kikuu kikiwa kimelala ndani yako, na Sulait alikohoa miezi mingapi karibu na wewe, kitaamka. Daktari amekupa dozi ya mtu asiye na virusi kwa sababu ulimwambia huna.

Niruhusu nimwambie. Hatakuacha, namjua. Kama hutaki, basi angalau kapige picha ya kifua huko Jinja kabla ya kuanza, na unijibu.

Adero


Masese
18 Juni 1996

Mama Norah,

Leo asubuhi nimefunga kitambaa kichwani kwa mikono yangu miwili, nimesimama mbele ya kioo. Nimekifungua, nikafunga tena. Shifa amerudi kwa likizo fupi, akaniuliza, "Mama, unakwenda wapi?" Nikamwambia siendi popote, najipamba.

Kidonge cha kumi na mbili ni kichungu mpaka kwenye macho, lakini nguvu zinarudi. Wiki ya kwanza hakuna. Ya tatu nikasimama kutoka kitini kwa kushika meza. Sasa nasimama bila meza. Beseni dogo nalitia kichwani. Uso umekuwa duara kama sahani, na unajua hapa Masese wanasema nini? Wanasema Mama Shifa amenawiri, kumbe ule ulikuwa uchovu tu. Muhamad alikuja kunusanusa, alidhani atakuta maiti, amekuta mtu amenenepa. Alikunywa chai yangu akaondoka na mawazo.

Jina la ugonjwa nalisema kila siku nisilisahau. Polimayosaitisi. Ni refu kama gari la mizigo. Lakini ni langu. Miezi minane nimeambiwa mimi ni silimu, sasa nina ugonjwa wangu kama watu wengine.

Ukimwambia daktari, atapunguza dawa. Sema si kweli. Atapunguza, au atasimamisha kwanza aangalie hiki na kile, na Agosti itafika mimi nikiwa ninavuta mlango wa choo. Kikao cha ukoo ni tarehe kumi na saba. Nipe mpaka hapo. Baada ya hapo mwambie hata redioni.

Mvua huku imezidi na mukene haukauki.

Nulu


Nabuyonga
2 Julai 1996

Nulu,

Nimefurahi kwa kitambaa, Mungu ni shahidi. Nililia kidogo kwenye stoo.

Hujanijibu kuhusu picha ya kifua. Umenijibu kuhusu mvua.

Umepiga au hukupiga? Unakohoa? Usiku unatoka jasho? Dakta Semei aliuliza jana mgonjwa wake wa Jinja anaendeleaje, nikasema vizuri. Akasema ameandika habari zako kwa mwalimu wake wa Kampala, ni mara ya kwanza kuuona ugonjwa huu kwa macho yake, na ameona faida ya kuwa mtu hana virusi, maana angekuwa navyo isingejulikana kipi kinafanya nini. Nilisimama pale nikikunja shuka moja mpaka ikawa ndogo kama leso.

Vidonge vya Julai na Agosti vimo ndani. Na humo ndani kuna karatasi ya kupeleka kwa mtu wa eksirei, nimeandika mimi mwenyewe. Ipeleke.

Adero


Masese
21 Agosti 1996

Mama Norah,

Yamekwisha, nikusimulie.

Nilivaa gomesi ya kijani yenye mkanda mpana. Mimi na Shifa tulipofika Buwenge watu walikuwa wamejaa, masheikh wamemaliza dua, wazee wa ukoo wamekaa vitini. Bibi Jaliah alikuwa mkekani kama siku ile. Nilisikia Muhamad akimwambia mtu, "Leo tutaona saruji." Nikaenda moja kwa moja. Nikashuka magoti yote mawili, polepole, kama msichana aliyeolewa jana. Nikamwamkia, nikauliza habari za nyumbani, za mashamba, za watoto, salamu ndefu ile ya zamani ambayo wenzangu wanaikata katikati. Nilikaa chini muda mrefu kwa makusudi. Halafu nikainuka. Bila mkono, bila kushika kitu, Adero. Niliinuka kama moshi.

Unataka kujua mama mkwe alisema nini? Aliwageukia wanawake wenzake akasema: "Mnaona. Nilisema ni kiburi, na kiburi kina dawa yake. Ameogopa kunyang'anywa nyumba, magoti yamepatikana."

Wote wakaitikia. Mmoja akanipigapiga mgongoni kwa upendo, ananipongeza kwa kuacha jeuri.

Nyumba wameniachia. Wameandika jina la Shifa, na Muhamad ameweka saini kwa kalamu yangu. Kwa hiyo nimepata nilichokwenda kukitafuta. Lakini nilirudi Masese nimekaa kiti cha mbele cha taksi, nikawa nawaza kwamba nilibeba ugonjwa ule mbele yao tangu mwanzo mpaka mwisho, ukaja na ukatibiwa, na hakuna hata mmoja aliyeuona. Hata ulipoondoka hawakujua kuna kitu kimeondoka.

Moshi wa kubanika mputa umenikaa kifuani mwezi huu. Kuni ni mbichi. Usianze.

Nulu


Nabuyonga
30 Agosti 1996

Nulu,

Moshi umekuwa ukiuvuta tangu ujana wako. Haujawahi kukukalia kifuani.

Shifa ameniandikia. Usimgombeze, nilimwomba mimi. Anasema unabadilisha shuka alfajiri na kuziloweka kabla hajaamka. Anasema gomesi ya kijani uliifunga mkanda mara mbili kwa sababu mwili umepungua, ni uso tu umebaki mnene. Anasema karatasi yangu ya eksirei umeitia chini ya godoro.

Tarehe kumi na saba imepita. Nimemwambia daktari leo.

Nitakueleza ilivyokuwa bila kuficha. Alikaa. Aliuliza, "Tangu lini unajua?" Nikasema tangu kabla hujamwona. Akaniuliza kama najua kumi na mbili kila asubuhi ni dozi gani kwa mtu wa namna hiyo. Nikasema najua. Akasema, "Basi tumempa sisi wawili, Sista, mimi kwa kutojua na wewe kwa kujua." Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Halafu akaanza kuandika haraka. Dawa za kifua kikuu zianze mara moja hata kabla ya picha. Prednisoloni ipunguzwe taratibu, isikatwe, ikikatwa ghafla misuli itarudi kuwaka na mwili unaweza kuzimika. Akasema ugonjwa wako wa misuli ni wa kweli, na virusi ni vya kweli, na huenda virusi ndivyo viliwasha ule moto, hata wenye virusi wanaupata na wanatibiwa. Kwamba angejua angekupa dawa ileile, kidogo kidogo, na kinga ya kifua pembeni.

Hapo nikamuuliza. Nilimuuliza kwa ajili yako, kwa sababu nilijua utaniuliza. Nikasema: Dakta, siku ile ya kwanza, angekwambia anavyo, ungekata ile nyama? Ungeipeleka Kampala?

Alinawa mikono. Haikuwa michafu. Akasema, "Sijui, Sista."

Njoo haraka. Kama huwezi kusafiri, nenda wodi ya misheni iliyo njia ya Buwenge, nimewatumia barua ya daktari.

Adero


Wodi ya misheni, njia ya Buwenge
6 Oktoba 1996

Mama Norah,

Hii naiandika nimelala, karatasi iko juu ya tumbo. Kiganja bado kinanitii, ni mkono wa juu uliokataa tena. Shifa ameshika kitabu chini ya karatasi na ameangalia upande mwingine, ni mtoto mwenye adabu.

Barua ya daktari wako ilifika. Waliisoma. Kuna kijana hapa, daktari mpya, anaitwa Lawrence, mpole, ana haraka. Makohozi yamepimwa, ni kifua kikuu, wananipa sindano na vidonge vyekundu. Lakini prednisoloni wameikata siku ya kwanza. Nikawaambia isikatwe ghafla, inapunguzwa. Nikamtajia polimayosaitisi, nikaitamka vizuri mpaka mwisho. Akatabasamu. Akasema, "Mama, hayo ni mambo ya vitabu. Huyu mdudu peke yake anatosha kumlegeza mtu." Nikamwambia elfu nne na mia tatu. Nikamwambia kovu la paja hili hapa. Akalitazama kovu kama unavyotazama picha ya arusi ya mtu usiyemjua. Kwenye kadi iliyo miguuni pangu wameandika herufi tatu tu, zile za virusi, na muuguzi akipita anasoma hizo, hasomi nyingine.

Sasa miguu imekwenda. Shingo pia, kichwa nikikiinua kinarudi chenyewe. Juzi maji yalipita njia mbaya nikaona nuru nyingine. Wananilisha uji kwa kijiko, nao unakwama. Hii ni misuli, Adero, mimi naijua sasa kama ninavyojua samaki aliyelala. Kifua kinauma kwa namna yake na misuli inakufa kwa namna yake. Ni wagonjwa wawili kitanda kimoja, na wamempa dawa mmoja.

Usijilaumu kupita kiasi, kidogo tu. Ulitaka kusema na mimi nilikuzuia. Ningelikuwa nimesema, angenipokea au asingenipokea, hajui mwenyewe. Mwambie asante kwa hiyo "sijui". Wale wanne wa kwanza walijua wote. Nimeigeuza hesabu yake usiku na mchana na haitoki sawa. Nikisema kweli naachwa nilegee, nikidanganya natibiwa mpaka nife. Kama kuna njia ya tatu, ilipita mahali ambapo mtu kama mimi hapiti.

Bibi Jaliah alikuja jana. Ameletwa na Muhamad. Alikaa hapo pembeni, mimi siwezi hata kugeuka kumtazama. Akaniamkia yeye. Nikataka kumwambia kitu, uji ukanikaba. Akasema, "Nyamaza, mwanangu, tunajua." Hawajui.

Ukiweza kuja, njoo. Usivae sare, wakikuona na sare watakuambia mambo ya kihospitali na utawaitikia. Watu watakuja kuuliza nilikuwa naumwa nini, na siku ya kuzika mtu atasimama kusema, ndivyo ilivyo kwetu, lazima itajwe. Nataka utaje wewe. Muhamad atanong'ona moja, na mama mkwe atalinyamazia, na huyo kijana ataandika herufi zake. Wewe yataje yote mawili, kwa majina, kwa sauti ya kufika jikoni. Jinja nilitaja moja, Mbale nikataja lingine, na sikupata mlango hata mmoja wa kuingia nayo yote mawili.

Shifa anataka tuishie hapa, nipumzike. Mukene wa Jumatano utakuja kama kawaida, nimemwachia maagizo mwenye lori.

Nulu